Fuwele na Jicho la Mzee Othieno

Nyaketcho, binti wa Mzee Othieno, alinipigia simu asubuhi nikiwa darasani, nikaiacha ilie mara mbili. Nilipompigia baada ya kipindi alisema tu, "Baba ametuacha," kisha akaniuliza kama nimekula, kama watu wa kwao wanavyofanya wanapokuletea habari nzito. Tulimzika Jumamosi huko Molo, karibu na Tororo, mvua ya alfajiri ikiwa imelainisha udongo. Wasemaji walimtaja kama baba, kama mzee wa kanisa, kama mtu aliyechoma chokaa zaidi ya miaka thelathini. Mmoja akasema kwamba upofu wake ulikuwa mpango wa Mungu, na watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya turubai, safu ya tatu, nikitazama mikono yangu. Nimefundisha fizikia miaka mingi sasa, na wanafunzi wangu husema sichoki kueleza jambo hata likiulizwa mara tano. Lakini mwaka ule mmoja niliofanya kazi na Mzee Othieno, mwaka ambao macho yake yalikwisha mbele yangu, sijawahi kumweleza mtu mpaka mwisho. Ngoja nijaribu, polepole, kama ninavyowaeleza wao.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikisomea shahada ya pili, nimepanga chumba kimoja Busitema, karibu na mpaka wa Kenya, nyuma ya mashine ya kusaga. Unga ulipita chini ya mlango na kutua juu ya kitanda, juu ya vitabu, juu ya sufuria zangu mbili. Asubuhi nilikunywa chai na muhogo wa kuchemsha kwa mama mwenye nyumba, ambaye alisikiliza redio ya upande wa Kenya na kubishana nayo kana kwamba mtangazaji yuko mezani. Kisha nilivuka barabara kwenda maabara. Ilikuwa stoo ya zamani, dirisha moja, na katikati yake mtambo wa kutengeneza ombwe, yaani wa kunyonya hewa yote ili utando uweze kuvikwa juu ya kitu, tuliopewa na chuo cha ng'ambo kiliponunua mwingine mpya. Msimamizi wangu, Dokta Wandera, mtu mpole mwenye kikohozi kisichopona, aliuita mtambo ule Bibi. Hakuna aliyeruhusiwa kuuwasha bila kwanza kuugonga ubavuni kwa kiganja, na mpaka leo sijui kama kugonga kulisaidia kitu.

Kazi yetu ilikuwa hii. Chukua fuwele, kipande cha jiwe angavu kilichokatwa kikawa kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu yake kuna utando wa platini mwembamba sana. Ungeweza kurundika tando kama hizo mia tano, moja juu ya nyingine, ndipo upate unene wa unywele mmoja. Utando huo umechongwa kama vitana viwili vilivyoingiliana meno. Ukiipelekea fuwele mawimbi ya redio kutoka nje, vitana vinautikisa uso wake, na wimbi dogo linakimbia juu ya uso huo, linagonga ukingo, linarudi, na fuwele inajibu kwa redio ileile. Haina betri wala waya. Joto likibadilika, mwendo wa lile wimbi unabadilika, na jibu linakuja limehama kidogo. Kwa kuhama huko unajua ni moto kiasi gani mahali ambapo mkono haufiki. Ugumu wake ni kwamba platini, ikikaa kwenye joto kali, hujikusanya kuwa matone, kama maji juu ya jani la magimbi. Vitana vinakatika, fuwele inakuwa bubu. Wenzetu wa ng'ambo walitutumia fuwele kwenye bahasha, chache, zikiwa na vitana tayari. Kazi yangu ilikuwa kuzivika utando wa pili, wa alumina, kitu kigumu kama kauri, ili ushikilie platini isitawanyike. Kama zingedumu, tungeweza kupima joto la tanuri linalozunguka.

Tanuri lenyewe lilikuwa Tororo, chini ya mlima, la mwanamke mmoja mfanyabiashara wa Busia tuliyemwita Mama Taaka. Fikiria bomba la chuma, refu kuliko nyumba ya vyumba sita, limejengewa matofali ya moto ndani, limelala kwa mteremko na linazunguka polepole mchana kutwa. Mawe ya chokaa yanaingia juu, moto wa maganda ya kahawa unapulizwa kutoka chini, chokaa inatokea mwishoni. Kwa sababu linazunguka, huwezi kuingiza waya, utajisokota ukatike. Vipimo vya kulenga kwa mbali vilishindwa na vumbi. Kwa hiyo miaka yote hiyo tanuri lilipimwa na mtu mmoja. Mzee Othieno alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kulikuwa na tundu mwishoni mwa tanuri, na kioo cheusi cha kuangalilia kilichokuwa kimevunjika kabla sijafika. Aliinama, akaweka jicho, akahesabu moyoni, akainuka na kutaja rangi. Alikuwa nazo nne: damu, nyanya, papai, na kiini cha yai. Damu ni baridi mno, jiwe halijageuka. Kiini cha yai ni moto mno, chokaa inaungua na kufa. Tanuri lilitakiwa liwe papai.

Mtaniuliza, na wanafunzi wangu wazuri wangeniuliza, fuwele ilijuaje kwamba joto ni kiasi fulani. Haikujua. Kila kipimo lazima kwanza kifundishwe na kitu kinachojua tayari, na pale Tororo kilichojua kilikuwa jicho la Othieno. Hatukumwamini bure. Mwezi Januari tulimleta maabara, tukawasha tanuri dogo la umeme lenye kipimo chake, tukafunika namba kwa karatasi, tukamwambia ataje. Mara tano alitaja, mara tano hakukosea hata kwa upana wa kidole kwenye mizani ya kipimo kile. Dokta Wandera alicheka mpaka akakohoa. Mzee akaniangalia akasema, "Daktari wa vioo, wewe andika tu. Hii macho haina spea." Tangu siku hiyo, kila Jumatatu na Alhamisi, nilisimama kando yake na daftari. Yeye anainama, anatazama, anasema, "Iko papai, andika," na mimi naandika papai, na kando yake naandika jibu la fuwele.

Saa saba tulikwenda kula kwake, kwenye nyumba aliyopanga nyuma ya reli. Kwa desturi mgeni aliyesoma, hata akiwa msichana, alikaa sebuleni na mwenye nyumba, na mama wa nyumba alibaki jikoni. Sebule ilikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na meza iliyowekwa karatasi chini ya mguu mmoja. Nilipewa maji ya kunawa, kisha ugali wa wimbi na samaki mkavu wa mchuzi wa karanga, na kila mara nilipomaliza Mzee aliita jikoni kwamba mtoto anakufa njaa. Ukuta kati yetu na jiko haukufika darini. Mkewe, Mama Nyaketcho, alikuwa mtu wa upande wa Kenya, na alipokuwa na dada yake walizungumza Kiswahili, kwa hiyo nilisikia yote. Siku moja ya mwezi wa nne nilimsikia akisema mumewe amelisalimia gunia la maganda ya kahawa, akiliita Mama Taaka, na kuliuliza watoto hawajambo.

"Na gunia limejibu?" dada yake akauliza.

"Gunia lina adabu. Lingekuwa Mama Taaka lisingejibu."

Walicheka sana kule jikoni. Nami nilicheka na samaki mdomoni, na Mzee akacheka akijua tumemsikia, akasema moshi wa asubuhi ulikuwa mzito. Nimeikumbuka meza ile mara nyingi kuliko nilivyokumbuka siku ya kupokea shahada yangu. Nilikuwa nimepewa jibu, limewekwa mbele yangu pamoja na mboga, na nikaona ni kichekesho.

Kwa sababu tangu mwezi wa tatu fuwele zilikuwa zimeanza kuhama. Mzee alisema papai, nami niliandika papai, lakini jibu la fuwele lilisema ni moto zaidi ya papai la Januari. Kidogo tu mwanzoni. Nikamweleza Dokta Wandera, tukakubaliana kwamba utando wangu unalegea, kwamba alumina haishikilii, na kwamba namba zinapotoka kwa sababu hiyo. Ni jambo linalotokea. Vitabu vimejaa tando zinazohama. Basi kila mwisho wa mwezi nilifanya kile ambacho mtu mwangalifu hufanya. Nilichora mstari upya ili fuwele ikubaliane na jicho. Mwezi uliofuata ilihama tena, nikairudisha tena. Kisha zikaanza kufa. Ya kwanza ilinyamaza baada ya wiki sita, ya pili baada ya nne, ya tatu baada ya siku tisa. Tuliposimamisha tanuri na kuzitoa, niliziweka chini ya hadubini na kuona platini imekuwa shanga, vitana vyote vimetoweka. Nilirudi maabara, nikagonga ubavu wa Bibi, nikavika nyingine utando mnene zaidi, umeme ukakatika katikati, nikaanza upya. Nilifanya hivyo kuanzia Mei hadi Agosti. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama hiyo, na kila saa ya bidii ile iliwekwa mahali pasipo sahihi.

Mzee ndiye aliyenitia moyo. Aliniona nimekaa juu ya tofali nikishika fuwele iliyokufa, akaja akakaa kando yangu, akanipa nusu ya hindi lake la kuchoma. Alisema alipoanza kazi alichoma chokaa mbaya mwaka mzima, na bosi wa wakati ule alimwita kwa majina ambayo hawezi kuyarudia mbele ya msichana. Akaniambia nisikate tamaa, kwamba kifaa changu kikifaulu yeye atapumzika, atanunua kiti cha kamba na kukaa kivulini huku redio yangu ikimwambia papai, papai. Kisha akainuka kwenda kwenye tundu, akaweka jicho, na akawaambia watu wa maganda waongeze.

Mwezi wa tisa lori lilirudi kutoka Busia likiwa limejaa chokaa. Mafundi wa upande wa Kenya walikuwa wameimwagia maji na haikuchemka kama chokaa nzuri inavyochemka; ilikaa tu kama mawe. Mama Taaka alikuja nyuma ya lori akiwa amevaa gauni la kanisani, akasimama uani na kutupa bonge moja kwenye ndoo ya maji mbele yetu sote. Tuliliangalia. Halikutoa hata mvuke. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba chokaa hiyo imeungua, na kwamba hata mtoto anajua. Mzee Othieno akajibu kwa heshima kwamba moto ulikuwa papai kila siku, na kwamba daftari la msichana lina ushahidi. Wote wakanigeukia. Nilifungua daftari, nikasoma kwa sauti: papai, papai, papai. Mama Taaka akaangalia upande wa magunia na kusema basi ni maganda ya msimu huu. Mzee akanipiga bega kwa upole. Nilijisikia nimemtetea mtu mwema.

Lakini neno "imeungua" halikuniacha. Chokaa inaungua kwenye kiini cha yai. Fuwele zangu zilikuwa zimesema hivyohivyo tangu mwezi wa tatu, na mimi nilikuwa nimezirekebisha. Alhamisi iliyofuata nilibeba kipande cha waya wa umeme, nikamenya plastiki, nikabaki na shaba tupu. Shaba huyeyuka kwenye joto ambalo liko juu sana ya papai. Kwenye papai la Januari ingetoka nyeusi lakini nzima. Niliifunga kwenye ncha ya nondo ndefu, nikasubiri Mzee atazame. Alitazama muda mrefu kuliko kawaida. "Iko papai," akasema. "Tena papai haijaiva vizuri." Nikaingiza nondo tunduni, nikahesabu, nikaitoa. Waya haukuwepo. Kwenye ncha ya chuma palining'inia tone moja jekundu, likatikisika, likaanguka kwenye vumbi karibu na kiatu chake, naye hakuangalia chini kwa sababu hakuliona.

Nilisimama pale na nondo mkononi. Nilielewa yote mara moja, na nisingependa mtu mwingine yeyote aelewe jambo kwa namna hiyo. Tando zangu hazikuwa na kosa, na fuwele zilikuwa zimesema kweli tangu mwanzo. Macho ya Mzee yalikuwa yanaingia ukungu, kiini cha yai kilimfikia kikiwa papai, naye kwa uaminifu wake wote aliagiza maganda zaidi. Moto ukapanda, chokaa ikaungua, platini ikawa shanga, na yeye akazidi kuinama kwenye tundu lenye mwanga mkali zaidi ili aone vizuri.

Nilimwambia siku hiyohiyo, tukiwa wawili, nyuma ya banda la magunia. Nilifikiri angekasirika. Aliuliza tu ni nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Basi ngoja mpaka Krismasi."

"Mzee, ukiendelea kuangalia hapo utakuwa kipofu."

"Na nikiacha kuangalia, hapa mimi ni nini? Mlinzi wa gunia?" Akavua kofia, akafuta paji la uso, akaivaa tena. "Kifaa chako kinaweza kushika kazi kesho?"

Hakikuweza. Nilikuwa nimebakiwa na fuwele mbili, na ng'ambo walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hawatumi nyingine mpaka waone matokeo. Nilimweleza Dokta Wandera. Uso wake ukang'aa kwanza, kwa sababu matokeo tuliyoyaona mabaya yalikuwa mazuri, kisha ukazimika alipofikiria upande wa pili. Alisema Mama Taaka lazima aambiwe, na alikuwa sahihi. Nilimwomba wiki moja. Wiki ile niliziweka fuwele zote mbili tanurini, nikamkalisha Mzee kwenye kiti kando ya kompyuta, nikamsomea namba na yeye akaagiza maganda kufuatana nazo. Chokaa ikatoka nzuri. Ilichemka ndooni ikamrushia Mama Taaka matone kwenye gauni. Kwa siku tano nilidhani tumeweza. Siku ya sita mlingoti wa kupokelea mawimbi ya redio uligongwa na lori, na kabla hatujausimamisha watu wa maganda walimwita Mzee kwenye tundu, kwa kuwa tanuri haliwezi kusubiri, naye akaenda, akaweka jicho, akasema papai. Usiku kucha walilisha moto kwa neno lake. Asubuhi fuwele zote mbili zilikuwa kimya.

Mama Taaka hakuwa mtu mbaya. Alimwondoa kazini kwa maneno ya heshima, mbele ya watu, na kumpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Nilikwenda nao. Daktari alikuwa kijana, alimtazama muda mrefu kwa taa yake ndogo, kisha akatueleza vizuri sana, kama ninavyotamani kueleza mimi. Alisema kuna mawili. La kwanza ni mtoto wa jicho, ukungu ambao moto huleta, na huo unaondolewa. La pili ni presha ya macho, ambayo haina uchungu wala haijitangazi, na imeua mishipa nyuma kabisa. Huko hakuna wa kufika. Hata akiondoa ukungu, hakuna kitakachopokea mwanga. Aliuliza kama kulikuwa na dalili yoyote mapema, kwa sababu matone ya dawa yangeokoa kilichokuwa kimebaki. Mama Nyaketcho alisema hawakujua. Mzee alisema hakujua. Mimi nilikuwa na daftari kwenye mkoba, limelala mapajani mwangu. Ndani yake, kwa mkono wangu mwenyewe, mwezi hadi mwezi, kulikuwa na kipimo cha macho ya mtu yakififia, sahihi kuliko chochote ambacho kliniki ile ingeweza kupima, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nimekifuta.

Niliandika tasnifu yangu. Ilisifiwa, ilionyesha kwamba utando wa alumina unadumu kwenye joto ambalo hatukuwa tumekusudia hata kulijaribu. Kwenye ukurasa wa shukrani nimemwandika Mzee Othieno, fundi wa tanuri. Kabla sijaondoka Busitema nilikwenda kumuaga. Alikuwa amehamia Molo, amekaa nje, amegeuzia jua uso. Nilimwambia jambo la daftari, kwa sababu sikuweza kuondoka nalo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimwonyeshe huo mstari. Nikakunjua juu ya goti lake karatasi niliyochorea namba za daftari, nikashika kidole chake cha shahada, kigumu na cha joto, nikakipitisha taratibu juu ya mchoro.

"Hapa ni Januari, Mzee. Umenyooka. Hapa mwezi wa tatu, unaanza kupanda."

"Na hapa?"

"Hapa ni Agosti."

Kidole kikasimama. Alikiacha hapo kitambo, akikisugua kidogo juu ya karatasi kana kwamba pana kitu cha kushikika.

"Agosti bado nilikuwa nakuona," akasema. "Ulikuwa na ile sweta yako ya kijani."

Sweta yangu ilikuwa ya buluu. Sikuwa na nyingine.

"Ndiyo, Mzee," nikamwambia. "Ya kijani."